Tairi la spea kwenye gari la porini: likae wapi na lifungweje

Ukishanyanyua gari na kuweka matairi makubwa, kitu cha kwanza kinachokosa makazi ni spea. Unakuta mtu kamaliza kila kitu, springi mpya, shokapu mpya, matairi manne ya tope yamekaa vizuri kabisa, alafu lile la tano bado limelala kwa fundi Ilala kwasababu pale alipokuwa anaweka la zamani halienei, na safari ya Saadani ni Ijumaa. Hapo ndio watu wanaanza kubuni, huyu analirusha juu ya keria, yule analifunga na kamba nyuma, mwingine anaondoka na lile dogo la zamani akisema Mungu atasaidia hatutapata pancha. Mimi nimepitia karibu zote hizo, ndio maana naandika, ili wewe usipitie.

Kabla hujamuita fundi yeyote, pima uzito. Usikisie. Chukua mzani wa kujipimia kilo, panda mwenyewe usome, alafu panda tena ukiwa umelikumbatia tairi, toa. Langu la zamani, 265/70R16 kwenye rimu ya aloi, lilikuwa kilo 28. Jipya, 285/75R16 la tope kwenye rimu ya chuma, kilo 41. Ukiyasimamisha pamoja tofauti ya kimo ni kama vidole vitatu tu, huwezi kuamini kuna kilo 13 hapo katikati. Na hizo 41 ni gari likiwa limesimama. Likianza kudunda kwenye rafu rodi, kila shimo linauzidisha ule uzito mara mbili, mara tatu, kwahiyo popote ulipolifunga ni kama umemuweka mtu mzima ananing'inia na kurukaruka kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Yalinikuta njia ya Kibiti kwenda Mloka, ile ya kuingilia hifadhi ya Nyerere kwa geti la Mtemere. Gari langu ni Prado ya zamani, ile inayobeba spea mlango wa nyuma, na ule mlango umetengenezwa kubeba tairi la kiwandani, sio hili nililolipachika mimi. Kwenda hakukuwa na shida. Wakati wa kurudi, mawimbi ya barabara yametupiga saa nzima na zaidi, lami ya Kibiti ndio tunaanza kuinusa, nikasikia kitu kinagonga nyuma, ka-ka-ka, nikajua ni masufuria. Nikashuka nikafungua mlango, mlango ukashuka. Kweli ulishuka, kama upana wa kidole hivi, na kuufunga tena ikabidi shemeji yangu auinue kwa bega. Tulipotoa kava la ndani tukakuta bati limechanika kuzunguka bolti zote za kishikio cha spea, mpasuko mmoja umetembea mpaka karibu na bawaba ya chini, na pembezoni mwa mpasuko rangi imesagika imekuwa unga. Tukalitoa tairi tukalilaza ndani nyuma ya siti, tukalibana na mkanda wa mizigo, mlango nao tukaufunga na mkanda mwingine kwenda kwenye keria, ndio tukaingia Mbagala saa nne usiku tukitembea mwendo wa harusi.

Tangu siku hiyo najiuliza maswali mawili tu kwa kila gari ninaloliona. La kwanza, huu uzito unabebwa na chesisi, yaani ile fremu ya chuma ya chini ya gari, au unabebwa na bati? La pili, nikiwa peke yangu, usiku, miguu iko kwenye tope, naweza kulishusha hili tairi na kulirudisha? Sehemu yoyote utakayochagua iwe imejibu yote mawili.

Tuanze na chini ya gari, maana pikapu nyingi kama Hilux ndio zinaweka huko. Kwa uzito ni pazuri mno, uko chini, unabebwa na chesisi, hauzibi kioo wala namba. Ila tairi likikua linaanza kugombana na ekzosi na tanki, hasa kama umeongeza tanki la pili. Lala chini upime kwa futi nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili vya chesisi, cha kushoto na cha kulia, usipime tairi peke yake. Wapo wanaopunguza upepo ili tairi lienee, na kweli linaingia, ila ujue siku ya kulitumia unatakiwa uwe na kompresa yako, na lisigusane na ekzosi hata kidogo maana joto linaua mpira kimya kimya. Shida ya pili, tairi kubwa linaning'inia chini kuliko la zamani, kwahiyo ukitoka kwenye korongo makalio ya gari yanaburuza. Shida ya tatu ndio mbaya zaidi kwangu: gari likishakalia tumbo kwenye tope, spea yako nayo iko chini ya tope, utachimba kwanza kabla hujaanza kazi yenyewe.

Na sisi wa Dar tuna chumvi. Kama wikiendi zako ni mchanga wa Kigamboni, kule Kimbiji na Buyuni, ile waya au cheni inayoshusha spea inakula kutu mpaka inagoma kuzunguka, na wewe hujui kwasababu hujawahi kuigusa. Nilimsaidia jamaa mmoja Buyuni, pancha yenyewe ilikuwa ya dakika kumi, tukakaa saa mbili tunakata cheni na msumeno wa mkono. Kila mwezi ishushe mpaka chini, osha na maji yasiyo na chumvi, paka grisi, pandisha. Na tairi likipanda hakikisha limebanwa kisawasawa, likibaki linacheza litaichosha ile waya mpaka ikatike.

Mlango wa nyuma nimeshausema. Kama tairi lako ni la saizi ya kiwandani au limezidi kidogo sana, baki hapo hapo, usihangaike. Kwa Jimny, ile Suzuki ndogo, uwe makini zaidi, mlango ni mdogo na spea yake ya asili ni nyepesi, ukimuwekea tairi la gari kubwa unamuonea. Kipimo changu ni hiki: fungua mlango nusu, shika tairi kwa chini kwa mikono miwili, nyanyua. Ukisikia mlango unacheza kwenye bawaba, hata kidogo tu, ujue safari imeshaanza. Kuna pleti za kuimarisha zinazofungwa ndani ya mlango ili mzigo usambae mpaka kwenye bawaba zote, zinasaidia, na zile raba za pembeni zinazozuia mlango kutetema zikiisha badilisha, ni vitu vya bei ndogo tu. Lakini kwa kilo 40 na kuendelea mimi sishauri tena mlango. Bati ni bati.

Sasa tuje kwenye bampa lenye mkono unaofunguka, ambao ndio ninao leo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapochomelewa vitu vya ajabu. Wazo lenyewe ni rahisi, bampa la chuma linafungwa kwenye chesisi, pembeni mwa bampa kuna mhimili umesimama, mkono unazunguka kwenye huo mhimili na tairi limefungwa kwenye mkono. Mlango haubebi kitu tena. Ukitaka kufungua buti unafungua kwanza mkono, alafu mlango.

Mhimili ndio roho ya kazi yote. Mimi nilienda kwa fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Gerezani, Dar, mtu mzima, mkono wake mzuri, akashika kile kipande cha mhimili akaniambia, "Bosi, hiki tunakichomea hapa juu ya bampa, kinatosha kabisa." Nikamwambia, "Fundi wangu, nakuomba kipenye. Toboa bampa juu na chini, kipite, alafu chomea pande zote mbili." Akanyamaza, akakishika kile chuma akakisukuma kwa mkono kama anayeondoa kisiki, huku na huku, akasema, "Kweli, hapa kitanyofoka." Basi. Ukichomea juu tu, mzigo wote unavuta ule mstari mmoja wa moto, na bati la bampa la milimita 3 au 4 litachanika kama mlango wangu ulivyochanika. Ukipenya, bampa zima linashika. Hilo moja ukilisimamia umeshamaliza nusu ya kazi.

Cha kuzungukia, usikubali paipu ndani ya paipu. Mwezi wa kwanza inateleza vizuri, mwezi wa tatu vumbi limeingia, inalia na kucheza. Tafuta kitovu cha trela ndogo na mhimili wake, kile chenye beringi mbili za koni, pale Gerezani na Kariakoo vinapatikana, kinabeba uzito kwa ulalo na kwa wima, kinajazwa grisi, na beringi ikiisha unanunua nyingine popote. Mkono wenyewe skwea paipu ya 50 kwa 50, unene milimita 4, usishuke hapo.

Alafu sikiliza hili, mkono ukifungwa usiwe unaning'inia kwenye mhimili peke yake. Upande wa pili lazima uwe na kitako, kipande cha chuma chenye mteremko mdogo na raba juu yake, mkono ukija unapanda ule mteremko kidogo na kukaa. Ukifunga lachi, yaani komeo la mkono, unasikia imejibana, dum, hakuna mtikisiko. Kipime kwa kushika tairi kwa juu na kulitikisa kwa nguvu, kitu kinachotakiwa kutikisika ni gari zima, sio tairi. Lachi iwe ile ya kukaza kwa kukunja yenye bolti ya kurekebisha, na juu yake weka pini ya usalama, maana lachi ikifunguka njiani huo mkono unaenda kumkuta wa bodaboda.

Mkono ufungukie upande mmoja na mlango. Prado mlango unafungukia kulia, kwahiyo mhimili ukae kulia, vinginevyo kimoja kitamzuia mwenzake. Na sisi tunaendesha kushoto, gari ukiliweka pembeni magari yanapita kulia kwako, kwahiyo mkono ukifunguka ukiishia nyuzi 90 uko sambamba na ubavu wa gari, ukipitiliza sana unaingia barabarani. Weka pini ya kuushikilia ukiwa wazi, maana ukisimama kwenye mteremko, mfano zile njia za Pugu kuelekea Kazimzumbwi, mkono wa kilo 60 ukijifunga wakati umeinama kwenye buti sio jambo la kusimulia.

Bampa nalo lifungwe kwenye chesisi kwa pleti nene, milimita 8 hivi, na bolti zenye namba 8.8 kichwani au zaidi, nati za kujibana. Usikubali lichomelewe moja kwa moja kwenye chesisi, siku ukigongwa utalitoaje. Kabla ya kuchomea chochote kwenye gari toa waya wa betri, hili mafundi wengi wanalipuuzia na kompyuta ya gari ndio inalipa. Paka rangi ya kuzuia kutu mpaka ndani ya paipu, na toboa matundu madogo chini ili maji yatoke.

Halafu kubali ukweli wa uzito. Bampa, mkono na tairi vinaweza kuvuka kilo 100, na vyote viko nyuma ya ekseli, kwahiyo nyuma inakaa na mbele inakuwa nyepesi, usukani unaelea kidogo. Ikibidi badilisha springi za nyuma ziendane na mzigo wa kudumu. Usiongeze tena madumu mawili ya mafuta kwenye mkono huo huo kwasababu tu nafasi ipo. Nafasi sio uwezo. Na usisahau namba ya gari na taa, tairi jipya likiziba namba au taa ya breki trafiki atakusimamisha na atakuwa sahihi. Namba niliihamishia kwenye mkono na kataa kadogo juu yake, kamera ya nyuma nimeipitisha katikati ya tundu la rimu, inaona vizuri kuliko hata mwanzo.

Juu ya keria, kwa kifupi, ni sehemu ya mwisho. Kuna magari yanamudu, Land Cruiser zile za mkonga zenye mfereji wa maji pembeni mwa paa, keria ikishika pale kwa miguu mingi uzito unasambaa. Lakini paa nyingi zina kikomo kidogo kuliko tunavyodhani, Jimny mpya kwa mfano ni kilo 30 tu, keria yenyewe ikiwemo, tairi moja tu kubwa limeshavuka. Na uzito ukipanda juu gari linayumba, pale unapopita upande upande kwenye mteremko ndio utauhisi. Zaidi ya yote, nani atakushushia? Kushusha kilo 41 kutoka juu ya kichwa chako usiku ni kuumia mgongo. Kama huna namna, tumia bolti inayopita katikati ya rimu na pleti chini ya keria, plus mikanda miwili ya kukazia inayopita kwenye matundu ya rimu, isiwe imepita juu ya mpira tu.

Ndani ya gari sawa kwa dharura kama ilivyotutokea, lakini tairi lililolegea ndani ya gari likipata ajali linakuja mbele na kila mtu aliyekaa njiani. Kwenye bodi ya pikapu lisimamishe nyuma ya kabini, lifungwe kwenye kishikio kilichopitiliza bodi na pleti kwa chini. Hapo ni pazuri kweli, kama huhitaji ile nafasi.

Ukishapata makazi, bado tairi lenyewe. Liwe saizi moja na yale manne. Prado na nyingine zenye foo wili muda wote, ukifunga tairi lenye kimo tofauti difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi kila sekunde mpaka inachemka, na kimo cha milimita 777 cha lile tairi langu la zamani na 834 cha jipya sio tofauti ndogo. Kama umelazimika, tembea taratibu, umbali mfupi, na usifunge ile difu loki ukiwa kwenye lami. Angalia pia tairi limetengenezwa lini, soma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka, maana spea nyingi zinazeekea nyuma ya gari bila kukanyaga chini na jua letu hili linazipasua. Weka kava. Upepo jaza zaidi kidogo ya yale mengine, kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza, na geuza valvu upande unaofikika ili upime bila kulifungua.

Nati nazo. Rimu za aloi za Toyota nyingi zinatumia nati zenye washa bapa, za chuma zinatumia nati za koni. Kama chini una aloi na spea ni ya chuma, beba seti kamili ya nati za koni kwenye kopo, maana za aloi hazitaikamata vizuri ile rimu. Watu wanagundua hili saa ya shida.

Bolti zote za bampa na mkono, baada ya kuzikaza pitisha mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye pleti. Baada ya kilomita 100 za kwanza za rafu rodi unapita na tochi, mstari ukivunjika nati imezunguka, unaikaza. Grisi ya kitovu angalia baada ya kila safari yenye maji.

Wezi wapo, spea inayoonekana nje inawaita, kwahiyo nati moja iwe ya kufuli, na cheni ukiweka sio mbaya.

Mwisho fanya zoezi. Jumapili, nyumbani, peke yako, usitumie vifaa vya gereji, tumia vile vilivyomo ndani ya gari. Fungua mkono na toa spea kabla hujapiga jeki, gari likiwa bado limetulia kwa miguu minne, alafu lisukumie chini ya chesisi likae kama kinga jeki ikiteleza. Chini ya jeki weka ubao mpana, kwenye mchanga jeki inazama yenyewe gari halipandi. Kurudisha tairi kwenye mkono usilinyanyue kwa mikono, kaa chini, liweke juu ya mapaja au tumia wili spana kama wenzo chini yake, linapanda. Zoezi langu la mwisho lilichukua dakika 25, na tano kati ya hizo nilikuwa natafuta ufunguo wa ile nati ya kufuli, niliuweka chini ya begi la hema. Sasa hivi unakaa mfuko wa mlango wa dereva, umefungwa na kitambaa chekundu.